Kutazama Ndege Kwenye Mlango wa Mto Sabaki: Mwongozo Kamili wa Maji, Msimu na Daftari

Mtu akiniuliza aende Sabaki lini kutazama ndege, simjibu kwa tarehe. Namuuliza kwanza kama anayajua maji ya siku hiyo. Ndege walewale ambao saa kumi alasiri wanaweza kuwa mita hamsini tu kutoka ulipoketi, wamebanana kama mbegu zilizomwagwa, saa nne asubuhi ya siku hiyohiyo wametawanyika kwenye matope hadi upeo wa macho, kila mmoja ni doa tu. Mto ni uleule na ndege ni walewale. Kilichobadilika ni maji.

Sabaki ni mwisho wa safari ndefu. Mto huu, wa pili kwa urefu nchini Kenya baada ya Tana, huanzia nyanda za juu karibu na Nairobi ukiitwa Athi. Ukishakutana na Tsavo huitwa Galana, na ukikaribia pwani ndipo unapopata jina la Sabaki. Njiani kote umekuwa ukibeba udongo mwekundu. Mvua zikinyesha bara, bahari ya Malindi hugeuka rangi ya chai ya maziwa kwa kilomita kadhaa. Udongo huo unawachosha wenye hoteli na unafunika matumbawe, lakini ndio uliojenga matope ya mlangoni ambamo minyoo, chaza wadogo na kaa wanaishi kwa wingi usiohesabika. Ndege wanafuata chakula hicho, wengine kutoka Siberia, wengine kutoka Madagaska.

Nimeandika mwongozo huu kwa anayeanza, na pia kwa yule ambaye amekwenda mara tatu akarudi akisema "niliona vitwitwi wengi", yaani ndege wa matopeni asiojua kuwatofautisha. Huyo wa pili ndiye hasa ninayemfikiria.

Hatua ya kwanza: soma maji

Kwenye pwani yetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa takriban dakika 50 kuliko jana. Mwezi ukiwa mchanga au mpevu tunapata bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana. Mwezi ukiwa nusu tunapata maji mafu, ambapo tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo.

Ukiwa na jedwali la maji kwenye simu, vizuri. Lakini ukijua jambo moja tu utaweza kupanga safari bila jedwali: siku za bamvua, kwenye pwani hii, maji hujaa karibu saa kumi au saa kumi na moja, alfajiri na alasiri, na hupwa karibu saa nne au saa tano. Siku za maji mafu ni kinyume: hujaa saa nne hivi asubuhi, hupwa saa kumi alasiri. Wavuvi wanalijua hili bila kuangalia saa. Siku moja nilimuuliza mzee mmoja aliyekuwa akishona wavu, "Mzee, leo maji yanajaa saa ngapi?" Naye akaniuliza, "Kwani leo mwezi ngapi, mwanangu?" Nikamwambia kumi na sita tangu kuandama. Akajibu bila kuinua macho: "Yatajaa jua likielekea kutua. Wakiadhini magharibi yashaanza kupwa." Nilipofungua jedwali, lilisema saa kumi na moja na dakika tano.

Sasa unganisha hilo na jua. Pwani ya Malindi inatazama mashariki. Asubuhi jua linatoka baharini na kukupiga usoni, kila ndege anakuwa kivuli cheusi. Alasiri jua liko mgongoni kwako na ndege wote wamewaka rangi zao. Kwa hiyo alasiri ya bamvua ina kila unachotaka: maji yanayojaa yanawasukuma ndege kutoka kwenye matope kuja kwenye fungu la mchanga lililo karibu nawe, na mwanga uko upande wako. Kama una siku moja tu katika mwezi, chagua siku moja hadi tatu baada ya mwezi mpevu au mwezi kuandama, na uwe umeshaketi saa mbili na nusu kabla ya maji kujaa.

Kwa nini mapema hivyo? Kwa sababu ndege huja kwa makundi, aina baada ya aina, na ukiwa umetulia wao watakuja kwako. Ukifika maji yameshajaa, wewe ndiye utakayewaendea, nao wataruka.

Maji yaliyopwa kabisa nayo yana kazi yake: ndipo unapoona jinsi kila ndege anavyokula, na kula ni alama nzuri ya kumtambua kuliko rangi. Lakini usitegemee kuhesabu wakati huo.

Hatua ya pili: chagua msimu

Wageni wa kaskazini huanza kuingia Agosti. Wanaotangulia ni wakubwa waliokwisha kuzaa, wengi wakiwa bado na mabaka ya rangi ya matofali kifuani, mabaki ya vazi la harusi. Watoto wa mwaka huo hufuata Septemba na Oktoba, nao wanakuja bila kuongozwa na wazazi, jambo ambalo kila nikilifikiria nanyamaza kidogo. Kuanzia Novemba hadi Machi, wakati wa kaskazi, makundi yametulia na idadi haibadiliki sana, kwa hiyo ndio wakati bora wa kuhesabu. Aprili wanavaa tena rangi na kuondoka. Wachache, hasa wa mwaka mmoja, hawaendi popote; hukaa hapa Juni na Julai wakiwa kijivu.

Wakati hao wamekwenda, huja mgeni wa upande mwingine, na kwangu yeye ndiye roho ya Sabaki. Ni Glareola ocularis, ndege anayezaa Madagaska pekee na kuvuka bahari kuja kukaa pwani ya Afrika Mashariki kati ya Aprili na Septemba. Mlango wa Sabaki ni mojawapo ya sehemu chache duniani ambapo unaweza kuwaona mamia yao, na miaka mingine zaidi ya elfu, wamelala juu ya mchanga mmoja. Mchana hawafanyi lolote la kuonekana. Wameketi wakielekeza nyuso kwenye upepo wa kusi, rangi yao ni ya udongo wa kahawia, na unaweza kuwapita ukidhani ni mabonge ya tope. Tazama chini ya jicho: kuna mstari mfupi mweupe, kana kwamba mtu amegusa kwa ncha ya brashi. Mdomo una wekundu kwenye shina. Kisha jua likipungua wote wanainuka kwa pamoja, mabawa marefu, mkia wenye panda, wanawinda wadudu hewani kama mbayuwayu, na chini ya bawa unaona rangi ya kutu.

Kama kuna mwezi mmoja wa kuuchagua kati ya kumi na miwili, mimi nachagua Agosti. Wa Madagaska bado wako kwa wingi na wa Siberia wameanza kutua. Upepo utakusumbua na mchanga utaingia kwenye kila kitu ulichobeba, lakini hakuna mwezi mwingine unaowakutanisha hawa wawili vizuri hivi.

Hatua ya tatu: vifaa

Havihitaji maneno mengi. Darubini ya macho mawili iliyoandikwa 8x42 inatosha kuanza. Namba ya kwanza ni ukuzaji, ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Usivutiwe na ukuzaji mkubwa, kwani kwenye upepo wa pwani mkono unatetemeka na picha inatetemeka nao. Darubini kubwa ya miguu mitatu ni ya lazima ukitaka kuhesabu au kusoma vibendera ambavyo watafiti huwavisha ndege miguuni, na kikundi cha watu watano kinaweza kutumia moja. Beba daftari na kalamu ya risasi, kwa sababu wino hufutika kwa maji ya chumvi. Kofia, maji ya kunywa, kitambaa kikavu cha kioo. Nguo za rangi ya mchanga au kijani kilichofifia; nyeupe huonekana kutoka mbali sana.

Hatua ya nne: fika, kisha keti

Mlango uko kaskazini ya mji wa Malindi. Watu wengi huvuka daraja la Sabaki kwenye barabara ya Lamu, wakashika kulia kuelekea kijijini, kisha wakamalizia kwa miguu kupitia majani na vilima vya mchanga hadi baharini. Chukua kijana wa hapo akuongoze na umlipe vizuri. Sisemi hivyo kwa adabu tu: fungu la mchanga lililokuwepo mwaka jana laweza kuwa limehama, mkondo umechimba upande mwingine, na anayejua hali ya wiki hii ni anayepita hapo kila siku.

Kuna viboko. Mchana wanakuwa majini juu kidogo ya mlango, usiku hutoka kula majani, na alfajiri hurudi kwa njia zao zilezile. Njia ya kiboko utaitambua: ni mtaro uliolalia majani, wenye mistari miwili ya nyayo na ukanda wa majani katikati. Usisimame kwenye njia hiyo, usiitumie kabla jua halijatoka, na kamwe usiwe kati ya kiboko na maji. Mamba pia wapo, kwa hiyo usioshe miguu mtoni.

Jambo la pili ni mkondo. Mwaka wangu wa kwanza nilivuka kijito maji yakiwa yamepwa nikifuata kundi la buabua, wale ndege weupe wa baharini wenye mabawa membamba, kwenye fungu la mbele. Nilikaa huko nikihesabu, nikasahau saa. Niliporudi, pale nilipopita maji yakinifika kwenye kifundo yalikuwa yananifika kifuani, na yanavuta. Mvuvi mmoja alinipigia kelele nisiingie, akanionyesha kwa mkono sehemu pana zaidi iliyokuwa ya magotini. Tangu siku hiyo sheria yangu ni moja: sivuki kijito chochote maji yakiwa yanajaa, hata kama ndege wa maisha yangu yuko ng'ambo.

Ukifika, chagua mahali palipo juu kidogo, mgongo kwenye kilima cha mchanga ili umbo lako lisichorwe angani, kisha keti. Usisogee mbele kwa kutembea wima. Ndege wakiinua vichwa wote kwa pamoja na kuacha kula au kujisafisha, umeshakaribia mno. Rudi nyuma hatua kadhaa. Kila wanaporuka bure wanachoma mafuta waliyoyakusanya kwa ajili ya safari ya maelfu ya kilomita. Picha nzuri haistahili gharama hiyo.

Na tazama chini unapotembea juu ya mstari wa maji makuu. Kitwitwi mkaaji wa fukwe, Charadrius marginatus, hutaga hapo mayai mawili au matatu kwenye shimo dogo tu la mchanga, na akitishwa huyafukia nusu kwa mchanga kabla ya kuondoka. Ukimwona ndege mdogo mweupe kifuani akikimbia mbele yako, akisimama, akikimbia tena kana kwamba anakuita, usimfuate na usiendelee. Rudi kwa nyayo zako mwenyewe.

Hatua ya tano: watenganishe

Hapa ndipo wengi hukata tamaa, kwa sababu Kiswahili cha kila siku kinawaita karibu wote kitwitwi, na kweli wote wanaonekana kijivu juu, weupe chini. Ushauri wangu ni kuandika jina la kitaalamu kwenye daftari tangu siku ya kwanza. Na usianze na rangi. Anza na ukubwa, mdomo, na mwendo.

Jifunze ndege mmoja vizuri kwanza, awe kipimo chako. Mimi natumia Calidris ferruginea kwa kuwa yupo kwa wingi. Ni wa ukubwa wa wastani, uzito wake kama gramu 60, ana mdomo mrefu uliopinda chini taratibu kama sindano ya gunia, na akiruka anaonyesha kiuno cheupe. Hula akitembea ndani ya maji hadi tumboni, akidunga matope haraka haraka. Anazaa kaskazini kabisa mwa Siberia, kwenye Rasi ya Taimyr na majirani zake, na mwaka 2024 IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, ilimpandisha kwenye orodha yake hadi daraja la Vulnerable, la kwanza kati ya madaraja ya walio hatarini kutoweka. Ukishamjua huyu, kila mwingine utamsoma kwa kumlinganisha naye.

Aliye mdogo zaidi, karibu nusu ya uzito wake au chini ya hapo, mdomo mfupi mnyoofu na mweusi, anayedonoa juu ya tope kama cherehani, ni Calidris minuta. Aliye mweupe kuliko wote, anayekimbia mbele ya wimbi na kulifuata linaporudi kana kwamba miguu yake ni magurudumu, ni Calidris alba. Huyu ana jambo la kupendeza kwa anayejua kutazama mchanga. Subiri apite, kisha inama juu ya nyayo zake kabla wimbi halijazifuta. Utaona vidole vitatu vya mbele na hakuna alama ya kidole cha nyuma, kwa sababu hana. Karibu ndugu zake wote wanacho.

Kundi la pili ni wale wasiodunga. Hawa hukimbia hatua chache, husimama ghafla, hutazama, kisha hudonoa. Wana macho makubwa na midomo mifupi, kwa kuwa wanawinda kwa kuona na si kwa kugusa. Kati yao mkubwa ni Pluvialis squatarola, mzito, wa kijivu, na njia ya hakika ya kumjua ni kusubiri aruke: ana kwapa nyeusi kama amepakwa masizi. Kisha kuna ndugu wawili wa mchangani, Charadrius leschenaultii na mwenzake mdogo. Nitakuwa mkweli, hawa wananisumbua hadi leo. Pima mdomo kwa macho: kama urefu wake unazidi umbali kutoka shina la mdomo hadi nyuma ya jicho, na miguu ni mirefu yenye rangi ya kijani-njano, elekea kwa mkubwa. Wakisimama pamoja tofauti inaonekana waziwazi. Akiwa peke yake na mbali, andika "mmoja wa wawili hawa" bila aibu. Na jihadhari na majina unapoingiza kwenye simu, kwani orodha mpya zimewahamisha hawa, pamoja na yule mkaaji wa fukwe, kutoka Charadrius kwenda Anarhynchus.

Wakubwa ni rahisi. Sululu ana mdomo mrefu uliopinda chini na mistari kwenye utosi, na akiruka hupiga mluzi mwepesi wa sauti zinazofuatana, mara nyingi saba. Xenus cinereus ana mdomo uliopinda juu na miguu mifupi ya rangi ya chungwa, hukimbiza kaa wadogo akiwa ameinama kama mtu anayetafuta sarafu aliyoiangusha. Heroe, yaani flamingo, huhitaji maelezo gani? Membe, yule mweupe na mweusi mwenye mdomo mnene wa kuvunjia kaa, anaweza kupita hapa, lakini ukitaka kumwona kwa uhakika nenda kusini kwenye Mkondo wa Mida, Watamu, maji yakijaa.

Buabua uwatenganishe kwa mdomo tu. Mdomo wa chungwa kama ganda la chungwa lililoiva: Thalasseus bengalensis, ambaye mara nyingi ndiye mwingi. Wa njano iliyofifia, na ndege mwenyewe ni mkubwa zaidi: Thalasseus bergii. Mwekundu, mnene, na ndege mkubwa karibu kama shakwe: Hydroprogne caspia. Mweusi na mfupi: Gelochelidon nilotica. Hapo umemaliza sehemu kubwa ya fungu.

Usisahau majani nyuma yako. Kwenye nyasi fupi zinazofurika wakati wa mvua huishi Anthus melindae, ndege wa kahawia asiyevutia mtu, aliyepewa jina la Malindi, anayepatikana kwenye nyasi za pwani ya Kenya na Somalia tu. Watu humpita wakikimbilia heroe.

Hatua ya sita: hesabu

"Wengi" si idadi. Wala "kundi kubwa" si idadi.

Anza pembeni mwa kundi, hesabu kumi mmoja mmoja. Tazama kumi hao wanachukua nafasi gani kwenye kioo cha darubini. Kisha sogeza jicho kwa nafasi hiyohiyo: kumi, ishirini, thelathini. Kundi likizidi mia tano, jenga kipimo cha hamsini au mia kwa njia ileile. Ukimaliza, hesabu tena ukitokea upande wa pili. Namba zikitofautiana sana, hesabu mara ya tatu, kisha andika wastani na useme ni makadirio.

Jicho la binadamu hupunguza makundi. Niliwahi kukadiria kundi la buabua na shakwe kuwa 400. Usiku nilipohesabu kwenye picha, nikiweka nukta nyekundu juu ya kila kichwa, walikuwa 731. Tangu hapo napiga picha ya kila kundi kubwa baada ya kulikadiria, ili kujipima. Fanya hivyo mara kumi na makadirio yako yatanyooka yenyewe.

Kwa kundi lililochanganyika, hesabu wote kwanza. Kisha chukua sehemu tatu tofauti za kundi, kila moja yenye ndege mia, na uone wangapi ni aina gani. Sehemu tatu, kwa sababu ndege hawajichanganyi sawasawa. Wadogo hupenda ukingo wa maji na wakubwa katikati.

Tazama miguu pia. Baadhi ya ndege wamevishwa pete za rangi au vibendera vyenye herufi. Andika rangi, mguu gani, juu au chini ya goti, na herufi kama zinasomeka. Mguu wa kushoto ni kushoto kwa ndege, si kwako. Kosa hilo moja hubatilisha taarifa ambayo huenda imesafiri kutoka bara jingine.

Wengine utakaowakuta

Nyayo za kasa kwenye mchanga asubuhi huonekana kama tairi la trekta lililotoka baharini na kurudi. Zikiwa pana kama mita moja na alama za kushoto na kulia zimelingana, huenda ni kasa wa kijani. Zikiwa nyembamba na alama zinapishana, ni ng'amba au kasa mwingine mdogo. Usichimbe. Usifute wala kukanyaga nyayo, piga picha ukiweka kitu cha kupimia pembeni, na uwapigie watu wa Local Ocean Conservation walioko Watamu, au KWS, shirika la serikali la wanyamapori. Kati ya Julai na Septemba, ukiwa umeketi ukisubiri maji, inua macho uelekeze nje ya mawimbi mara kwa mara: nyangumi wenye nundu hupita pwani hii, na kinachoonekana kwanza ni pumzi, wingu dogo jeupe linalosimama kisha kupeperuka. Ndege aliyekufa usimshike kwa mkono mtupu. Wakiwa wengi mahali pamoja, piga picha na utoe taarifa siku hiyohiyo, kwa sababu huenda ni homa ya ndege au sumu.

Hatua ya mwisho: andika na upeleke

Kila ukurasa wa daftari langu huanza na mambo yaleyale: tarehe, saa ya kuanza na kumaliza, mahali hasa, maji yalikuwa wapi (yanajaa, yamejaa, yanapwa), upepo, watu waliokuwepo. Bila hali ya maji, namba ya ndege wa mlangoni haina maana. Mtu atasoma kwamba Januari mwaka mmoja walikuwa elfu mbili na mwaka uliofuata mia tatu, aseme wametoweka, kumbe wa pili alikwenda maji yakiwa yamepwa.

Andika pia usichokiona. Kama umekwenda Julai ukatafuta wa Madagaska kwa saa tatu na hukumpata hata mmoja, andika sifuri. Sifuri hiyo ni kazi halali.

Taarifa zako usizifungie kwenye simu. Kuna Ramani ya Ndege ya Kenya, Kenya Bird Map, iliyoanza mwaka 2013, inayogawa nchi kwenye miraba ya takriban kilomita tisa kwa tisa. Orodha kamili inahitaji angalau saa mbili za kutazama ndani ya mraba mmoja, na ndege huandikwa kwa mpangilio ulivyowaona. Programu ya BirdLasser inakufanyia kazi ya mraba bila wewe kufikiri. Tovuti ya eBird, ya kuhifadhi orodha za ndege, nayo inapokea idadi na picha. Na kila Januari kuna hesabu ya ndege wa maji inayofanyika Kenya na katika nchi nyingi nyingine, ikiratibiwa hapa na Makumbusho ya Taifa pamoja na Nature Kenya. Wasiliana nao, au na A Rocha Kenya walioko Watamu, ujiunge nao. Watu wanaojua kutofautisha vitwitwi ni wachache kuliko mito yenye vitwitwi.

Ingiza orodha usiku huohuo, kabla ya kulala, wakati bado unakumbuka kwamba ile 60 ya ukurasa wa pili ilikuwa kweli 60 na si 600, na kwamba lile kundi la mwisho liliruka likatua ng'ambo, mahali ulipokuwa umeshahesabu.